Mwalimu Aliyebuni Kidhibiti Joto

Mjomba, fundi wa mitambo ya kupoza hewa, aliniambia mtambo ukikataa kuwaka baada ya kutengenezwa, zima umeme kwanza, kisha kagua nyaya za kidhibiti joto cha ukutani. Nikataka kumjua aliyekibuni. Kumbe alikuwa mwalimu!

Warren Johnson alizaliwa Vermont, Marekani, 1847. Alipofundisha Whitewater, Wisconsin, mhudumu aliingia darasani kila mara kupima joto. Jamani, nani angevumilia? Mwaka 1883 akapewa hati ya uvumbuzi wa kifaa cha umeme kilichomwita mhudumu kwa kengele. Akaacha chaki, akaanzisha kampuni mjini Milwaukee, 1885. Alifariki 1911.

Siku hizi nyaya hizo mara nyingi hupitisha volti 24 tu, lakini mmoja ukisahauliwa, mtambo mzima waweza kuwa kimya!