Bwana Speke na Ziwa la Nyanza

Kabla ya kuwako reli na barabara, misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda katika ziwa kubwa la kaskazini ilishika njia ya miguu katika nchi za Wanyamwezi na Wasukuma, upande ule ambao leo una miji ya Kagongwa, Kahama na Shinyanga. Mwezi wa Julai, mwaka 1858, ulipita huko msafara mmoja mdogo. Palikuwa na kirangozi, na wapagazi 20 wenye mizigo, na Mabaluchi 10 wenye bunduki. Na juu ya punda aliketi Mzungu mwenye macho mabovu, ambaye umri wake ulikuwa miaka 31. Jina lake John Hanning Speke. Alikuwa afisa wa jeshi, na mara mbili kabla ya hapo mkubwa wake alikuwa amempa kazi ya kufanya peke yake, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Hii ilikuwa mara ya tatu.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon, Uingereza. Shule hakuipenda, alichopenda ni kutembea porini na kuwinda. Alipokuwa kijana wa miaka 17 akaingia katika jeshi la Bara Hindi, akapigana katika vita vya Punjab, na kila alipopata ruhusa alikwenda milima ya Himalaya kuwinda na kuchora ramani. Akakaa huko miaka 10. Hata mwaka 1854 akafika Aden, akakutana na afisa mwingine, jina lake Richard Burton, aliyemzidi umri kwa miaka sita na elimu kwa mbali sana. Burton alijua lugha nyingi, na alikuwa amekwisha kwenda Maka katika mavazi ya Mwislamu. Wakati huo alikuwa akitengeneza safari ya kuingia katika nchi ya Wasomali, akamchukua Speke awe chini yake.

Kazi ya kwanza aliyompa ilikuwa kwenda kulitazama bonde la Nogal. Speke hakujua Kisomali wala Kiarabu. Mwenyeji aliyemwajiri awe mlinzi wake alikula fedha zake na kumzungusha miezi mingi, na bonde lenyewe hakuliona. Baadaye Burton alitunga kitabu cha safari yake, akaitia mwishoni habari ya Speke, kwa maneno aliyoyafupisha mwenyewe, bila kumpa mwenziwe haki ya kuisimulia. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili 1855, kambi yao ya Berbera ilishambuliwa usiku. Mwenzao mmoja, Stroyan, akauawa. Burton akachomwa mkuki ukapita mashavu yote mawili. Speke akakamatwa na kufungwa, akapata majeraha 11, kisha akaponyoka akakimbia mpaka pwani. Katika vurugu ya usiku ule Burton alimwambia neno ambalo Speke alilisikia kama kwamba anaitwa mwoga. Pengine Burton hakukusudia hivyo. Lakini Speke alilificha moyoni, na halikutoka.

Walakini Burton alipopewa kazi ya kutafuta maziwa ya bara, alimwita tena, na Speke akaja. Wakafika Unguja mwezi wa Desemba 1856. Katika ngome ya Chokwe, karibu na Pangani, walimpata askari mmoja wa Sultani aliyeitwa Sidi Mubarak, ambaye watu walimwita Bombay. Huyu alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wafanyaji biashara ya watumwa, akauzwa Kilwa, kisha Unguja, kisha akapelekwa Bara Hindi, akakaa huko miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki, naye akawa huru. Kwa sababu hiyo alijua Kihindustani, na Speke naye alikijua kwa ajili ya kukaa jeshini. Basi tangu siku ile Speke alipata mtu wa kusema naye bila mkalimani. Mwalimu wa cheo alikuwa Burton. Lakini mambo ya njia, na mizigo, na namna ya kukaa na watu, Bombay ndiye aliyemfundisha.

Mwezi wa Novemba 1857 walifika Kaze, karibu na mahali palipo mji wa Tabora sasa. Hapo alikaa Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman, mtu mkarimu, aliyezijua njia za bara kama mtu azijuavyo pembe za nyumba yake. Akawaeleza ya kwamba maziwa si moja; liko la Ujiji upande wa magharibi, na liko jingine upande wa kaskazini, nalo ni kubwa kuliko lile la Ujiji. Burton akachagua kwenda Ujiji kwanza. Wakafika mwezi wa Februari 1858, Burton akiwa mgonjwa asiyeweza kutembea, na Speke karibu kipofu. Hapo ndipo alipopewa kazi ya pili: kuvuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi na kukodi jahazi la Mwarabu mmoja aliyekaa ng'ambo. Akavuka, njiani mdudu akamwingia sikioni, akalijeruhi hata akawa kiziwi kwa muda. Jahazi hakulipata.

Waliporudi Kaze mwezi wa Juni, Burton alikuwa bado mgonjwa, tena alitaka kukaa na waungwana wa Kiarabu, aandike habari za nchi na lugha zake. Speke akaomba ruhusa aende kulitazama lile ziwa la kaskazini. Akapewa. Sheikh Said bin Salim, mkuu wa msafara wao, akaombwa afuatane naye, akakataa. Mabaluchi nao hawakutaka kutoka mpaka waongezewe nguo. Basi Speke akafanya shauri na Bombay, akawapa walichotaka, akafungasha chakula na bidhaa za majuma sita, na tarehe 9 Julai 1858 akatoka.

Shida haikukawia. Huko Kaze alikuwa amechukua ushanga mweupe mtupu, na watu wa njiani hawakuutaka, maana wakati ule desturi yao ilikuwa kuvaa ushanga wa rangi. Mwenye ushanga usiotakiwa ni kama mtu asiye na fedha. Mara nyingi maziwa na kuku yalipita mbele ya macho yake asiweze kuyanunua. Halafu miwani. Kwa sababu ya macho yake alivaa miwani ya rangi ya kijivu, na watu waliposikia ya kuwa anakuja mtu mwenye macho manne, walikuja kwa makundi, wakainama wamchungulie chini ya kofia, hata punda akashtuka. Ikambidi aivue na kustahimili jua.

Katika nchi ya Unyambewa mtawala alikuwa mwanamke mzee, jina lake Ungugu, mwenye mikono na miguu iliyojaa bangili za waya wa shaba. Alimpokea mgeni wake vizuri, akaagiza apewe ng'ombe. Akataka kuona kila kitu alichovaa: akagusa viatu, akagusa vifungo vya koti, akamshika vidole na kustaajabu ulaini wake. Maneno yao yalipita kinywa hata kinywa, maana Speke alisema na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akampa mwingine kwa Kiswahili. Speke alikuwa na haraka, akihesabu siku zake. Lakini Mabaluchi walimtaka ng'ombe, na mkuu wa nchi hapendi mgeni aondoke kama mwizi. Akangoja. Mwaka mmoja kabla yake huenda angalikasirika na kuondoka, na kuharibu njia yake mwenyewe.

Kutoka huko walipita Msalala, jina ambalo lingaliko mpaka leo katika nchi ya Kahama. Watu walilima mtama, wakafuga ng'ombe, na majembe ya chuma kutoka pande hizo yalikuwa mali kubwa katika Unyamwezi yote. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ilikuwako chini ya ardhi, nao msafara haukuwa na habari yake.

Tarehe 3 Agosti 1858, siku ya 25 tangu kutoka Kaze, Speke alipanda kilima karibu na Mwanza, akaona maji mbele yake yasiyo na mwisho. Akachemsha maji na kutia kipimo cha joto, maana kadiri mahali palivyo juu, ndivyo maji yanavyochemka upesi. Akajua ya kuwa ziwa liko yapata futi 3,700 juu ya bahari, mbali sana juu kuliko Tanganyika. Akaonana na Mahaya, mkuu wa Mwanza, na Mwarabu Mansur bin Salim. Mtu mmoja aliyesafiri sana aliulizwa ziwa linafika wapi, akasema ya kuwa pengine linakwenda mpaka mwisho wa dunia. Speke alitamani kuvuka mpaka Ukerewe, lakini mitumbwi haikupatikana upesi, na siku zake zilikuwa zimehesabiwa. Akageuka baada ya siku tatu, akafika Kaze tarehe 25 Agosti.

Kuongoza aliongoza vema. Lakini alipomwona Burton alimwambia ya kwamba amekiona chanzo cha mto Nile, nao mto wenyewe hakuuona ukitoka ziwani. Hilo lilikuwa neno la mtu aliyebahatisha. Burton akamwomba ushahidi, na ushahidi haukuwako. Mwisho wakapatana wasilitaje tena jambo hilo, wakatembea pamoja mpaka pwani kama watu wawili wasiojuana. Speke akatangulia kufika London, mwezi wa Mei 1859, akatangaza habari kabla mkubwa wake hajafika. Na Burton hakumsamehe.

Akatumwa tena, sasa akiwa yeye ndiye mkubwa, na chini yake James Grant. Wakatoka Unguja mwaka 1860, Bombay akiwa pamoja nao. Walikawilishwa Unyamwezi na vita vya Waarabu na Manua Sera, vile vile ambavyo Sheikh Snay aliuawa ndani yake. Wakapita Karagwe kwa Rumanika, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Tarehe 28 Julai 1862 Speke akauona mto ukitoka ziwani katika maporomoko ya Jinja. Grant hakuwapo. Alikuwa na ugonjwa wa mguu, na Speke alikuwa amemtuma aende Bunyoro kwa njia nyingine. Kama Burton alivyobaki Kaze, ndivyo Grant naye alivyokosa kuona. Ila Grant hakunung'unika hata siku moja.

Huko Uingereza mabishano yaliendelea. Wakuu wakaamua Burton na Speke wajadiliane mbele ya watu katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba 1864. Jana yake, alasiri, Speke alikwenda kuwinda, na alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ikalia, ikampiga ubavuni. Akafa akiwa na miaka 37, akazikwa katika kijiji cha Dowlish Wake.

Bombay aliishi. Alimwongoza Stanley mwaka 1871 alipomtafuta Livingstone, akavuka bara zima pamoja na Cameron, akafariki mwaka 1885. Na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, akaona ni ziwa moja, na mto unatoka kaskazini, pale pale aliposimama Speke.