Rebmann na theluji iliyokanushwa

Kila nipandapo ndege ya Nairobi katika uwanja wetu wa Changamwe, mbingu zikiwa safi, huiona dirishani theluji ya Kilimanjaro, nikamkumbuka Johannes Rebmann. Mhubiri huyu wa Kijerumani aliiona tarehe 11 Mei 1848, akitokea Rabai kwa miguu. Mabingwa wa London wakamcheza shere kwa kudai theluji karibu na Ikweta. Safari za von der Decken, 1861 na 1862, zikamsadiki.

Rabai nako waliomfuata walikuwa wachache mno. Alifiwa na mkewe, akapofuka, wala hakuondoka hadi 1875. Alikufa 1876.

Dini yetu na yake mbalimbali. Lakini subira twaijua. Acheka-ye ndoto ya mwenziwe na angoje mawingu yapite.