Maisha ya Dakta Krapf

Kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na majina ya wanakamati, tumezoea kuweka katika kijitabu hiki habari za maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia. Mwaka huu tumemchagua Dakta Johann Ludwig Krapf. Huenda wako wanachama watakaouliza kwa nini tumemtwaa mmisionari, hali chama chetu kina Wakristo na Waislamu, na kazi yake ni kusaidiana katika ugonjwa, ada za shule na mazishi. Jibu letu ni kwamba kazi hiyo ya mazishi ndiyo iliyotufikisha kwake. Mtu aliyemzika mtoto wake ugenini huuliza maswali ambayo karani wa chama hawezi kuyajibu kwa kumwandikia stakabadhi. Wengine baada ya hapo huacha kwenda kanisani, nao huona haya kusema sababu, wakidhani kwamba mashaka yamewapata wao peke yao, na kwamba wale walioleta Injili pwani hii walikuwa watu wa namna nyingine. Yafuatayo ni kwa ajili ya ndugu hao kwanza, na kwa wengine wote wapendao habari za mji wetu.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimkamata akimdhania kuwa kijana mwingine aliyemkosea, akampiga vibaya hata mtoto akalala kitandani kwa muda wa miezi. Kwa kuwa hakuweza kucheza wala kwenda shambani, akasoma Biblia, hasa habari za wazee wa Agano la Kale. Baadaye, akiwa shuleni Tübingen, alitazama ramani ya Afrika akastaajabu kuona jinsi majina yalivyokuwa machache upande wa mashariki, akaazima kitabu cha msafiri James Bruce, akakuta humo habari za fisi wengi. Twawataja fisi kwa kuwa yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakuona aibu kuwataja. Mtoto ni mtoto.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha misheni cha Basel, katika nchi ya Uswisi. Wengi wasimuliao maisha yake hulipita jambo lililofuata kwa haraka, nasi twaona kwamba hapo ndipo yafaa kusimama. Kijana huyu aliyekwisha kujitoa kwa kazi ya Mungu alishikwa na mashaka. Alisoma vitabu vya watu waliofundisha kwamba mtu asitende neno lo lote kwa nguvu ya nafsi yake, bali atulie tu mbele ya Mungu, akaanza kujiuliza kama wito wake ulitoka kwa Mungu kweli au ulitoka katika tamaa yake mwenyewe ya kusafiri. Hakupata jibu. Mwaka 1829 akafunga mizigo yake akaondoka chuoni, akarudi nyumbani. Akasoma elimu ya dini katika chuo kikuu cha Tübingen, akamaliza mwaka 1834, akawa msaidizi wa mchungaji katika kijiji cha Wolfenhausen, na huko nako hakudumu. Kwa muda akawa mwalimu wa watoto nyumbani kwa watu. Tukihesabu tangu alipoiacha Basel, ilikuwa miaka kama saba ya kutojua.

Aliyemtoa katika hali hiyo ni rafiki yake, mmisionari wa Kiswidi aliyeitwa Peter Fjellstedt. Alizungumza naye, akamhimiza arudie kazi aliyoiacha, akamwonyesha mahali palipokuwa na haja ya watu. Mwaka 1837 Krapf akatumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, yaani C.M.S., kwenda Uhabeshi.

Habari za Uhabeshi tutazifupisha. Alikaa miaka kadhaa, hasa katika nchi ya Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, akajifunza lugha, na mwisho njia ikafungwa asiweze kurudi. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich katika mji wa Alexandria, Misri. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakijaribu kuingia Uhabeshi tena kwa njia ya Massawa, Rosine alijifungua mtoto wa kike njiani, jangwani, kabla ya wakati wake. Mtoto akaishi muda mfupi sana. Wakampa jina la Eneba, ambalo kwa Kihabeshi maana yake ni chozi.

Ndipo wakageuza uso kuelekea pwani yetu. Wakatoka Aden kwa chombo kibovu kilichoingiza maji, wakanusurika, wakasafiri mara ya pili, na tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja. Sayyid Said akampokea Krapf kwa heshima, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka ule ule mume na mke wakaja kukaa Mombasa. Mji wa siku hizo ulikuwa huu uitwao leo Mji wa Kale, vichochoro vyake na nyumba zake za mawe zikitazamana na Bandari ya Kale, na Ngome ya Yesu ikiulinda mlango wa bahari. Ile nyumba iitwayo Leven House, iliyo ukingoni mwa maji, hutajwa hata sasa kuwa miongoni mwa nyumba alizopata kukaa.

Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, Kadhi wa Mombasa. Tungependa wanachama wetu wa dini zote mbili walifikiri jambo hili: kwamba Biblia ya Kiswahili ilianzwa katika mji huu na Mkristo na Kadhi wakiketi pamoja kutafuta neno lifaalo. Krapf katika maandishi yake hakuwa mpole sikuzote juu ya Uislamu, wala juu ya mila za Wamijikenda, na yako mengi aliyoyaandika ambayo mtu wa leo hawezi kuyasoma bila kukunja uso. Hatutaki kumfanya malaika. Lakini kwa Kadhi alikwenda kama mwanafunzi aendavyo kwa mwalimu.

Mwezi wa Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike tarehe 6, na siku chache baadaye akafariki dunia. Mtoto naye akamfuata mama yake katika mwezi huo huo. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wakati huo, na kwa shida aliweza kuinuka kumtazama mkewe. Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani, bali ng'ambo ya maji, upande wa bara, ili watu wa bara wapitapo waone kaburi na kukumbuka kwa nini mgeni yule alikuja kwao. Wakamvusha, wakamzika upande wa Nyali, na mtoto pamoja naye. Kaburi liko hadi leo, ng'ambo ya Bandari ya Kale, na mtu wa Mombasa aweza kulifikia kwa matembezi ya jioni moja.

Barua aliyoipelekea kamati ya C.M.S. baada ya msiba huo imesomwa na watu wengi. Aliwaambia kwamba sasa liko kaburi la misheni katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni dalili ya kuwa vita vimeanza na saa ya bara hili imekaribia. Mtu akiisoma barua hiyo peke yake ataona kama Krapf alikuwa mtu wa chuma. Lakini katika kitabu chake cha safari alisema neno la pili, ambalo sisi twaliona lina thamani zaidi: kwamba moyo wake na mwili wake vililia siku nyingi. Maneno yote mawili yalitoka kwa mtu mmoja, juu ya kaburi moja, na hakulifuta lile la pili ili lile la kwanza lipendeze. Mchungaji amwambiaye mfiwa anyamaze kwa kuwa machozi ni upungufu wa imani, hakujifunza hayo kwa Krapf.

Je, alifanya nini baada ya siku hizo nyingi? Alirudi kwenye karatasi zake. Haikutokea ndoto, wala sauti, wala hoja mpya iliyoyamaliza mashaka kwa mara moja. Kila siku aliandika maneno, akauliza watu, akasahihisha, akavuka maji kwenda bara na kurudi. Kufikia mwaka 1846 alikuwa amemaliza kulifasiri Agano Jipya na kutunga sarufi, ambayo ilipigwa chapa Tübingen mwaka 1850. Kiswahili alichokiandika ni hiki chetu cha Mvita. Mkutano uliofanyika mwaka 1928 kuchagua Kiswahili cha vitabu ulikalia papa hapa Mombasa, nao ukachagua Kiunguja. Haya, tumesamehe.

Mwezi wa Juni 1846 akaja Johannes Rebmann kuwa mwenziwe, na tarehe 25 Agosti wakapanda kwenda kufungua kituo Rabai. Wote wawili walikuwa na homa, wala hapakuwa na punda ila mmoja. Wazee wa Rabai waliwapokea vema, lakini mzee mmoja alitaka kujua kama yako matumizi ya wali kwa wanaokuja kusikiliza, maana pasipo wali haoni sababu ya kuja. Twacheka, ila mzee alisema wazi jambo ambalo wengine hulificha.

Miaka ikapita na matunda hayakuonekana. Rebmann aliuona mlima wa Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, na wataalamu wa London wakakataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Wenzao waliotumwa kutoka Ulaya wakafa au wakarudi. Krapf alikuwa akiota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hii hadi bahari ya magharibi. Kwa kweli aliyembatiza ni kilema mmoja, jina lake Mringe, aliyekuwa karibu kufa.

Mwaka 1851 alisafiri tena Ukambani. Mkuu wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, Kivoi, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf akakimbia peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha maji. Akajaza maji katika mifuko ya ngozi ya darubini na katika midomo ya bunduki yake, akaiziba kwa majani. Usiku, alipokuwa akipenya kwenye miiba, vichaka vikazibua zile ziba na maji yakamwagika. Akala majani, akatafuna hata baruti kwa njaa. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkuu wao, ikambidi kutoroka usiku, na mwishowe akarudi Rabai akiwa hai.

Mwaka 1853 afya yake ilikuwa imevunjika, akaondoka kurudi Ulaya. Miaka 9, kaburi la mke na mtoto, daftari za maneno, na hesabu ya waongofu ambayo haikuweza kujaza benchi moja. Kwa macho ya kamati yo yote ya fedha, hata ya kwetu, hiyo ni hasara. Yeye hakuihesabu hivyo. Mwaka 1862 akarudi tena kusaidia Wamethodisti kufungua kazi Ribe, ambako Thomas Wakefield alibaki. Rebmann naye hakuondoka Rabai mpaka mwaka 1875, akiwa amekwisha kupofuka, akaenda kukaa Korntal karibu na rafiki yake wa zamani, akafa mwaka uliofuata. Mwaka ule ule wa 1875 ndipo C.M.S. walipofungua Freretown, si mbali na kaburi la Rosine, mahali pa kuwakalisha watumwa waliokombolewa. Waliosali huko walijaza zaidi ya benchi moja.

Krapf alikaa Korntal akiendelea na kamusi yake ya Kiswahili mpaka uzeeni. Usiku wa tarehe 26 Novemba 1881 aliingia chumbani kulala kama kawaida. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Kamusi ilitoka London mwaka 1882.