Alfred Büchi, Mswisi aliyepambana na turbo miaka 20

NIANIA – Kamyo inayotoka Kisangani na mzigo, ikifika njia panda ya Niania, inageuka kushoto kuelekea Wamba na Isiro, ama inaendelea na barabara ya kitaifa namba 4 kuelekea Epulu, Mambasa, Komanda hadi Bunia. Kisangani iko mita karibu 400 juu ya bahari. Bunia inapita mita 1,200. Kwa hiyo safari hiyo ni ya kupanda, na kazi kubwa ya kupandisha mzigo inafanywa na turbo.

Kila shofere angependa turbo yake isukume zaidi. Kuna kachombo kadogo kanachofungwa kwenye mpira wa hewa: unakaza skrubu kwa mkono, presio inapanda, gari linavuta. Kabla ya kuchagua chombo hicho, inafaa kumjua mtu aliyebuni turbo yenyewe, kwa sababu shida zote ambazo skrubu hiyo inaweza kuleta, yeye alikutana nazo kwanza.

Anaitwa Alfred Büchi. Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 1879 huko Winterthur, mji wa viwanda katika Uswisi, ambako baba yake alikuwa na cheo katika kampuni ya Sulzer. Kijana alikulia karibu na mashine. Alisomea uhandisi Zurich na kumaliza mwaka 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Jambo moja lilimsumbua: karibu theluthi mbili ya nguvu iliyo katika mafuta ilikuwa inapotea kama joto, sehemu kubwa ikitoka na moshi. Büchi aliona kwamba moshi huo bado unaweza kufanya kazi. Uzungushe gurudumu dogo, gurudumu hilo lizungushe lingine, na hilo la pili lisukume hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na moteri ileile inatoa nguvu zaidi. Mwaka 1905 aliandikisha wazo hilo Ujerumani. Wakati huo Kongo ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili, na mizigo ya msitu huu ilisafiri juu ya vichwa vya watu.

Kuandika wazo ni rahisi kuliko kulitengeneza. Büchi alirudi Winterthur, akaingia Sulzer kufanya utafiti wa moteri za dizeli, na mwaka 1915 akaonyesha mashine ya kwanza. Ilishindwa. Haikuweza kushika presio ya kutosha. Mtu alikuwa na miaka 36, na miaka kumi ya kazi yake ilikuwa haijazaa kitu cha kuuza. Wengine walikuwa wanamfikia: katika vita vya kwanza vya dunia Mfaransa Auguste Rateau alijaribu turbo kwenye moteri za ndege.

Mwaka 1925 Büchi alifaulu, na nguvu ya moteri ya dizeli ikapanda kwa asilimia 40 hivi. Siri yake ilikuwa nini? Wengi wangefikiri alisukuma hewa kwa nguvu zaidi tu. Hapana. Alishughulikia joto. Alipanga vali ili ya kuingiza hewa ifunguke wakati ya kutoa moshi haijafunga, hewa mpya ipite, isafishe silinda na kupoza vali na chuma kinachozizunguka. Aligawa pia mabomba ya moshi ili silinda moja isiizuie nyingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko wazo la 1905: alitafuta kwanza namna moteri itakavyovumilia nguvu, ndipo akaipa nguvu.

Skrubu ya mkono haifanyi hivyo. Turbo nyingi zina kimlango kinachopitisha moshi pembeni presio ikitosha. Kachombo kale kanazuia habari ya presio isifike kwenye kimlango, nacho kinachelewa kufunguka. Aina moja inamwaga hewa kidogo nje. Nyingine ina gololi na springi, inakibakiza kimlango kimefungwa mpaka presio uliyopanga ifike, na turbo inaamka upesi zaidi. Kati ya hizo mbili, hii ndiyo bora. Lakini hakuna hata moja inayopoza kitu. Bila saa ya presio mbele ya shofere, ni kufunga gari macho. Kwa gari la esanse hatari ni kubwa zaidi, kwa maana mafuta yasiyo safi, kama mengine ya kwa makadafi, yanafanya moteri igonge, na pistoni inatoboka. Kwa dizeli ni vichwa vya silinda na turbo yenyewe vinavyolipa.

Mwaka 1926 Büchi aliunda ushirika na Brown Boveri, waliotengeneza turbo, na kiwanda cha gari moshi cha Winterthur, kilichotoa moteri za majaribio. Mwaka huo meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliingia majini: moteri zao za silinda 10 zilipanda kutoka nguvu-farasi 1,750 hadi 2,500. Malori ya Saurer yalifuata mwaka 1938.

Büchi alifariki Winterthur tarehe 27 mwezi wa kumi mwaka 1959, akiwa na miaka 80. Hakuona gari dogo la turbo likiuzwa. Hilo lilikuja mwaka 1962 Marekani, likiwemo Oldsmobile Jetfire, la esanse. Ili moteri isigonge, lilikuwa na tangi la pembeni la maji yaliyochanganywa na alkoholi. Wenye magari walisahau kulijaza, na nyingi ziliishia kutolewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida.