Charles Nicolle: Daktari aliyegundua hatari iko kwenye nguo, si kwa mtu

GITEGA – Wafanyabiashara wanaopandisha mizigo kutoka mpaka wa Kobero, kupitia Muyinga hadi hapa Gitega, wanaijua baridi ya njia hii. Miji yote miwili iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai asiye na blanketi hulala na nguo zote alizo nazo.

Katika baridi ya milima hii, na katika ufukara ulioletwa na vita vilivyoanza mwaka 1993, Burundi ilikumbwa na ugonjwa ambao wananchi waliuita sutama. Ulionekana kwanza katika gereza la Ngozi mwaka 1995, kisha ukaenea kwenye kambi za watu waliokimbia makwao. Kufikia mwaka 1997 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameugua. Homa kali, kichwa kuuma kupita kiasi, mwili kukosa nguvu. Damu ilipopimwa, ikabainika kuwa ni tifasi, yaani homa ya chawa. Jina lake linafanana na taifodi, lakini ni ugonjwa mwingine kabisa. Taifodi huletwa na chakula na maji machafu.

Dunia haikuwa imeona mlipuko mkubwa wa tifasi kama huo tangu Vita vya Pili vya Dunia. Hata hivyo, siri ya ugonjwa huo ilikuwa imefichuliwa karibu miaka 90 kabla, katika bara hili hili, na daktari aliyekuwa na masikio mazito.

Charles Nicolle alizaliwa Rouen, Ufaransa, Septemba 21, 1866. Baba yake alikuwa daktari, naye akafuata nyayo hizo. Lakini akiwa bado kijana alianza kupoteza usikivu. Daktari asiyesikia vizuri mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa ana kazi ngumu, hivyo Nicolle akageukia maabara. Alijaribu kuanzisha kituo kikubwa cha utafiti mjini kwao, akakosa kuungwa mkono. Alipopata nafasi ya kuongoza Taasisi ya Pasteur mjini Tunis, alivuka bahari akaenda. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Tunisia wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa. Kila mwaka majira ya baridi yalipoingia, tifasi iliwashika maskini wa vijijini, wafungwa na watu waliokuja mjini kutafuta riziki. Madaktari waliowahudumia nao walikufa. Mwaka 1903 Nicolle alipanga kwenda na daktari mwenzake kwenye gereza la Djouggar, ambako ugonjwa ulikuwa umelipuka. Usiku wa kuamkia safari alitema damu, akabaki nyumbani. Mwenzake alikwenda na mtumishi wake, wakalala huko. Wote wawili waliambukizwa, na wote wawili wakafa.

Nicolle aliendelea kuwatazama wagonjwa waliofika katika hospitali ya Sadiki mjini Tunis. Hapo aliona jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita. Wagonjwa walikuwa wengi hata wengine wakaanguka mlangoni kabla ya kupokewa. Nje ya hospitali waliwaambukiza jamaa zao. Pale mapokezi waliwaambukiza wahudumu waliowavua nguo. Mafundi wa kufua nguo zao nao waliugua. Lakini mgonjwa akishaogeshwa, akavishwa nguo safi za hospitali na kulazwa wodini, hakumwambukiza mtu tena, hata kitanda chake kikiwa kimegusana na cha jirani.

Basi nini kilichobaki mlangoni? Mgonjwa alikuwa yule yule, homa yake ile ile, pumzi zake zile zile. Kama ugonjwa ungeenea kwa hewa, wodi nzima ingeugua. Kilichokuwa kimeondoka ni nguo na uchafu wa ngozi. Nicolle akahitimisha kuwa mbebaji ni mdudu anayeishi kwenye nguo: chawa.

Wazo hilo lilikuwa zuri, lakini wazo si ushahidi, na hapa ndipo sayansi hutofautiana na uvumi wa sokoni. Mwaka 1909 alimchoma sokwe sindano ya damu ya mgonjwa, sokwe akaugua. Akahamisha damu ya sokwe kwa tumbili, tumbili akaugua. Kisha akawaweka chawa kwenye tumbili mgonjwa wanyonye damu, akawahamishia kwa tumbili wazima. Nao wakaugua. Sasa hoja ilikuwa na miguu, na mtu yeyote aliyeitilia shaka angeweza kurudia jaribio hilo mwenyewe.

Ugunduzi huo haukukamilika siku moja. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa chawa huambukiza kwa kuuma. Baadaye ilionekana kuwa vimelea vimo kwenye kinyesi chake, na mtu hujiingizia mwenyewe anapojikuna. Nicolle alijaribu pia kutengeneza chanjo, akashindwa. Lakini katika kuchunguza wanyama aligundua kwamba kiumbe anaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili yoyote. Yeye mwenyewe aliuthamini ugunduzi huo kuliko mengine yake yote.

Faida ilionekana upesi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu zaidi ya 150,000 walikufa kwa tifasi nchini Serbia. Upande wa magharibi, ambako askari waliogeshwa na nguo zao kuchemshwa, ugonjwa huo haukupata nafasi. Mwaka 1928 Nicolle alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hakuishia maabara. Aliandika riwaya, na akaandika vitabu vya kuwaeleza watu wa kawaida sayansi ya uhai. Katika kitabu cha mwaka 1930 alieleza kwamba magonjwa ya kuambukiza huzaliwa, huishi na hufa kama viumbe wengine, na kwamba mapya yatazidi kuja. Mwaka 1932 akatoa kingine kuhusu namna ugunduzi unavyozaliwa akilini: wazo hushuka ghafla kama umeme, lakini kulithibitisha ni kazi ya subira. Alifariki Tunis Februari 28, 1936, baada ya kuishi huko zaidi ya miaka 30.

Huku Burundi, mwaka 1997, kazi yake ilikuwa bado inafanya kazi. Kwa kuwa mbebaji alijulikana, mapambano yalikuwa na pande mbili: kuua chawa, na kuwatibu wagonjwa kwa doksisaiklini, dawa ambayo dozi yake moja huweza kumponya mwenye tifasi.

Kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mipaka, maisha ya Nicolle yana somo la karibu. Ugonjwa ukizuka, lawama ya kwanza humwangukia mgeni: dereva wa lori, mama wa mitumba, mkimbizi. Nicolle aliwatazama watu waliokuwa wakiogopwa kuliko wote mjini Tunis, akaonyesha kwamba maji, sabuni na nguo safi viliwafanya wasiwe hatari kwa yeyote. Hawakuhitaji kufukuzwa mlangoni.

Chawa wa nguo hutaga mayai kwenye mishono, na hufa pamoja na mayai yake kwa maji ya nyuzi 60 au pasi ya moto. Kwa hiyo msafiri anayefika gesti ya Muyinga usiku, akakuta blanketi linalotoka kwa mgeni mmoja kwenda kwa mwingine bila kufuliwa, ana haki ya kuomba jingine. Hamdharau aliyelala hapo jana.