Majimaji ya mwili yanavyofichua saratani: Kazi ya Dk Papanicolaou

Msomaji, huenda umewahi kutolewa maji yaliyojaa tumboni au kifuani, ukaona yanapelekwa maabara. Ukajiuliza, yanatafutwa nini humo? Kumjua George Papanicolaou kutakusaidia kuelewa.

Alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kymi, Ugiriki, baba yake akiwa daktari. Naye alisomea udaktari, na mwaka 1913 akahamia New York, Marekani, pamoja na mkewe, Andromachi. Maisha yalianza kwa shida: mume aliuza mazulia dukani, mke akashona vifungo.

Alipopata kazi katika Chuo cha Tiba cha Cornell, alichunguza kwa darubini majimaji ya ukeni ya simbilisi. Kisha akageukia wanawake. Mkewe alijitolea kupimwa, akaendelea hivyo kwa miaka mingi. Ndipo katika sampuli za wagonjwa alipoona seli zenye viini vikubwa visivyo vya kawaida. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Uvimbe hupukutisha seli, nazo huonekana kwenye majimaji yaliyo karibu.

Mwaka 1928 alieleza ugunduzi huo, lakini madaktari wengi waliupuuza, kwa kuwa walizoea kukata kinyama na kukipima. Hakukata tamaa. Mwaka 1941, yeye na Dk Herbert Traut walichapisha matokeo mapya, na safari hii wenzao wakaanza kuyakubali. Alifariki dunia Februari 1962.

Rangi aliyobuni ya kupaka seli bado inatumika kupima makohozi, mkojo na maji ya kifuani au tumboni. Maabara huzungusha maji kwa mashine ili seli zitulie chini, huzipaka kwenye kioo na kuzitia rangi, kisha mtaalamu huzikagua. Ndiyo maana majibu huweza kuchukua siku kadhaa.

Zingatia haya. Ukiombwa makohozi, kohoa kutoka kifuani, usipeleke mate. Kutoonekana kwa seli za saratani hakumaanishi kila mara kwamba ugonjwa haupo, hivyo ukiombwa sampuli nyingine, itoe. Nawe mzazi, mtoto mwenye saratani ya damu anaweza kutolewa maji ya uti wa mgongo kwa sababu hiyohiyo. Usikatae kwa hofu. Muulize daktari akueleze. Na siku ya majibu ikifika, nenda ukayachukue.