Kandó, mhandisi aliyebadili mota za treni Ulaya

MHANDISI Kálmán Kandó wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1869, aliichagulia treni mota ambayo wengi hawakuithubutu. Reli za umeme wakati huo zilitegemea zaidi mkondo mnyoofu wa volti chache, ambao hupotea njiani safari ikiwa ndefu.

Akiwa kampuni ya Ganz, Kandó alichagua umeme wa njia tatu, na mwaka 1902 reli ya Valtellina, kaskazini mwa Italia, ikautumia kwa volti 3,000. Mota zilikuwa imara, lakini zilidai nyaya mbili juu ya reli, na mwendo wake ulikuwa mgumu kubadili.

Hakuridhika. Akabuni kichwa cha treni chenye kigeuzi ndani yake, kinachotumia waya mmoja na umeme uleule wa viwandani. Alifariki dunia Januari 1931. Reli ya Budapest hadi Komárom ilianza kuutumia mfumo huo mwaka 1932.